Mablanketi ya Namba Tisa

Katika kiwanda kile cha mablanketi palikuwa na chumba kimoja ambamo mitambo haikuingia. Humo wanawake kumi na wanne walitililia, yaani waliziba kwa sindano na uzi kila mahali mtambo ulipokosea, kisha kila mmoja akashona pembeni kitambaa chenye namba yake. Aliyekuwa mwepesi kuliko wote walimwita Chapuchapu, na namba yake ilikuwa kumi na nne.

Ubavuni pake aliketi wifi yake, mjane, dada wa mumewe, ambaye ndiye aliyemwombea kazi hiyo. Makosa ya blanketi wifi aliyatambua kwa vidole. Tundu la sindano ndilo asiloliona tena. Kumtungia uzi mbele ya watu kungemfichua. Basi kwa miaka mitatu Chapuchapu alishona namba tisa, ya wifi yake, kwenye nusu ya mablanketi aliyoyamaliza mwenyewe. Mwenye kiwanda alijua, akafumba macho.

Kiwanda kikafilisika. Wawekezaji waliokinunua hawakumjua mtu. Walilijua daftari la namba, lililoonyesha kila namba imemaliza mablanketi mangapi. Wakaanza kwa kuwapunguza wanaume wa mitambo, mume wa Chapuchapu akiwamo. Mwezi uliofuata karani alisimama mlangoni asubuhi, akasoma namba saba za watakaobaki. Tisa ilitangulia. Kumi na nne haikusomwa. Wasiosomwa wangeondoka adhuhuri.

Wifi aliweka blanketi chini. "Mke wetu, nakwenda kuwaambia ukweli."

"Uwaambie kwamba huoni? Watatutoa sote wawili. Wanao watakula nini?"

"Na wako?"

Chapuchapu aliliokota blanketi, akamrudishia wifi yake mapajani. "Siku zote wanicheka kwamba kaka yako alioa mwenda mbio. Leo umenipita, wifi. Kaa."

Wifi hakucheka.

Saa zilizosalia Chapuchapu hakugusa blanketi. Alitunga uzi kwenye sindano zote za pakiti, hakujali tena nani anamtazama, akazichomeka moja moja kwenye kimto cha sindano cha wifi yake. King'ora kilipolia, wifi alizipapasa.

"Zikiisha?"

"Utakuja nazo nyumbani jioni."

Mlangoni Chapuchapu alirudisha aproni. Karani akamwonyesha mahali pa kutia sahihi, mkabala na sababu ya kuachishwa: mzito wa kazi. Aliyasoma maneno hayo mara mbili, akatia sahihi.