Ukurasa Yangu mu Kaye ya Donatien

Bwana yangu Donatien hakukuwa mulevi, na hakunipiga hata siku moja. Ugonjwa yake ilikuwa kaye, daftari moja ya majina. Benzake banacheza dame, banakunywa masanga, yee anakaa ku meza yetu pale kartie Lumumba, mu Bunia, bic mukononi, anaandika batu balikufa zamani. Nani alizaa nani, mu kijiji gani, kabila gani. Miaka kumi na mbili. Namuambia, "Baba Joëlle, hao habakuombe chakula, siye tunakuomba." Anacheka tu, anageuza ukurasa.

Batu ndio balimuharibu, kwa kumusifu. Kwetu, mbele ya kupeleka dot, mali ya kuoa, familia mbili zinakaa, zinahesabu batate, bazazi ba bazazi, kusudi mutoto asiolewe na damu yake. Bazee banasahau, Donatien hasahau. Basi banakuja kwetu kuuliza kaye. Kila mutu wa familia alikuwa na ukurasa yake, na pale juu batate bane: babili ba upande wa baba, babili ba upande wa mama. Hata siye babibi tulioolewa mule alituandika. Nilimuambia ile mama yangu aliniambia mbele ya kufa: mama yake alitoka ule upande ingine, kabila ingine. Monique, muke wa Fabrice, mudogo wa Donatien, akasema na yeye iko na tate mumoja wa kule. Tulicheka sana ile siku. Monique alianza kuniita ndugu, na jina ikabakia. Kabila sitaitaja. Munaijua.

Mwaka elfu mbili na mbili vita ikaingia mu Bunia yenyewe. Bariere kila njia, vijana na mapanga, na swali yao ni moja: weye ni wa nani? Nikamuambia Donatien, choma hii kaye. Akasema, "Ni batu yetu, mama. Nikibachoma, nani atajua kama baliishi?" Kichwa ngumu. Kisha akaenda Aveba kuzika shangazi yake, na njia ikafungwa nyuma yake. Nina hakika hata kule matanga alikuwa anauliza bazee majina.

Siku ya pili Claude akabisha. Ni kusini ya Donatien, binamu yake, na siku zile alikuwa anashinda na benye bariere. Akavua kofia, akasalimia muzuri. "Mama Joëlle, mutoto yangu Gentille anaombwa. Nipatie ile kaye niangalie batate."

Uongo. Nani anapeleka dot mu juma ya kuzika batu? Nilijua mara moja, sitawadanganya. Lakini kumukatalia ilikuwa kumuambia kama niko naficha kitu. Nikasema, "Kaa kidogo, niitafute."

Nikaingia mu chumba. Nikakamata wembe, nikakata ukurasa yangu, polepole, kusudi Claude asisikie. Nikaisukuma chini ya matelas ya kitanda. Ukurasa iliyofuata ilikuwa ya Monique. Niliiona. Jina yake, na chini ya jina ule tate yake wa kule, na kijiji, na kartie anaishi, Rwambuzi, na avenue. Wembe ilikuwa bado mukononi. Nikawaza: zikikosekana mbili atatambua. Nikafunga kaye, nikamupelekea Claude na mikono mbili, na heshima yote.

Nilijiambia kesho nitaenda Rwambuzi kumuonya. Kesho risasi zililia tangu asubui, nikabakia chini ya kitanda na batoto. Kesho kutwa zilinyamaza, na bado sikuenda. Nilikuwa naosha vyombo.

Siku ya ine Claude akarudisha kaye. "Aksanti sana, imetusaidia." Nikaifungua akiwa hata hajafika ku njia. Kando ya majina fulani kulikuwa alama ya bic, sawa mwalimu anasahihisha devoir. Ya Monique ilikuwa mu ile majina.

Pale ndipo nilikimbia, bila viatu. Nikakuta Fabrice anakaa ku mulango, kitambaa ya kichwa ya muke yake mu mikono. Balimutoa asubui.

"Balitaja tate yake kwa jina," Fabrice akaniambia. "Hata hapa ku avenue hakuna mutu anaijua. Bao balijulia wapi?"

"Sijui," nikasema. Nikamushika mukono, nikalia naye, na machozi ilikuwa ya kweli. Hiyo ndiyo inaniuma kupita yote.

Donatien alirudi kiisha juma mbili, amekonda. Nikamuambia Claude alikamata kaye kwa nguvu. Akapiga kichwa yake ku ukuta, akasema, "Ni miye nilimuua. Bic yangu ndiyo ilimuua." Nikamuacha aseme. Nilikuwa nimemuonya, si nilimuonya? Alisema vile siku tatu, na siku zote tatu nilimupikia.

Siku ya ine akakaa ku meza kuandika siku Monique alikufa. Akatafuta ukurasa. Akapitisha kidole pale karatasi ilikatwa, sawasawa, juu mupaka chini. 

"Yako iko wapi?"

Nikaenda ku chumba, nikaitoa chini ya matelas, nikaiweka mbele yake. Akaiweka ku pahali yake, ikaingia kabisa, kando ya ile ya Monique.

"Régine," akasema. Hakuwa anaitaja jina yangu tangu tuzae Joëlle. "Wembe ilikuwa mukononi."

"Ndiyo."

Akakamata bic, akaandika ile siku. Kisha akafunga kaye, akaisukuma upande wangu wa meza.