Waliokwenda Kusali Uwanjani

Bupe alikuwa na pua ya kunusa uongo, na tangu mwanawe Lutengano ahame kanisa, pua hiyo haikupumzika. Mtu kabatizwa kwa Wamoraviani, kaimba kwaya kwa Wamoraviani mpaka sauti ikavunjika, halafu siku moja anakwambia, "Mama, sisi sasa tunasali kule." Kule wapi? Kule Uwanjani! Ndivyo watu wa Mbeya walivyoliita kanisa hilo, maana lilikuwa jengo la kumeza kata nzima na bado likabaki na nafasi ya kupiga miayo.

"Lisemwalo lipo," alisema Bupe, ingawa hakuna aliyekuwa amesema kitu.

Alikuwa mzee wa kanisa kule kilimani juu ya Uyole, mjane, mkulima wa viazi, na mtaa wake aliujua kama kiganja chake. Kabla ya Meza ya Bwana alipita nyumba kwa nyumba, akakaa, akauliza nani kagombana na nani, nani anaumwa, nani kaanza tena pombe. Alhamisi akina mama wakikutana kuomba, kila shida ilitajwa na mwenye shida akatajwa kwa jina, ili Mungu asibabaike. Huko Uwanjani nani angemtaja nani? Na kwa nini mhubiri wao atembee na walinzi? Mtu wa Mungu anamwogopa nani? Na mkwewe Wendelina, binti aliyekuwa akishinda kwake Jumamosi nzima wakimenya viazi na kucheka, kwa nini siku hizi alikuja, akanywa chai, akaaga kabla kikombe hakijapoa? Kuna kitu walikuwa wamempa. Bupe hakujua ni kitu gani, lakini kilikuwepo.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba ndoa ilikuwa na mwaka wa sita na bado hakuna mtoto. Alimtaka mjukuu kwa uchungu ambao hakuuficha mbele ya mtu yeyote. Na moyoni alishaamua kwamba mlango huo hautafunguka mpaka hao wawili watoke kwenye umati, warudi mahali ambapo mtu anaombewa akijulikana.

Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kufikiri angelifanya. Alimpigia simu baba yake Wendelina, mzee Liberatus, katekista wa Kikatoliki kule Kalenga, Iringa. Hawa wawili walikuwa hawajapatana tangu siku ya harusi, pale Bupe alipokaa misa nzima kakunja mikono kama anayesubiri basi lililochelewa. Baada ya harusi watoto walisali kila mtu kwake, Lutengano Moraviani na Wendelina Katoliki, na wazazi wakaheshimiana kwa mbali. Sasa wote wawili walikuwa wameibiwa.

"Kamwene, mama Lutengano," alisalimia Liberatus kwa Kihehe, na kabla Bupe hajamaliza maelezo akadakia, "Hata mimi silali. Wametuchukulia watoto. Nakuja."

Alishuka Uyole Jumamosi jioni na kofia yake ya sufu na rozari mfukoni. Asubuhi ya Jumapili walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya kibanda cha mihogo, wakililinda lango la Uwanjani kama askari wa doria. Lutengano na Wendelina wakashuka kwenye bajaji, wakaingia. Wazee wakangoja kidogo, kisha wakawafuata.

Lo! Mapaa ya bati juu huko kama mbingu ya pili, runinga kubwa ukutani, spika za kumwamsha marehemu. Kijana mwenye kizibao cha kung'aa akawaambia, "Karibuni wazazi, kaeni popote," akaondoka. Hakuuliza jina. Hakuuliza wametoka wapi wala nani mchungaji wao. Bupe akamtazama mgongo. Kanisani kwake mgeni angesimamishwa, ataje jina, ataje anakosali, apigiwe makofi, na baada ya ibada mtu amsindikize mpaka njia panda akiwa ameshajua hata idadi ya ng'ombe wa kwao.

"Asiyeuliza jina lako hataki ushahidi," Bupe alimnong'oneza Liberatus.

Liberatus hakumsikia. Kwa mazoea ya maisha yake yote alikuwa amepiga goti kabla ya kukaa, na alipoinua macho akakuta amepigia goti ngoma za bendi. Akanyanyuka haraka akijifanya amedondosha kitu.

"Sikiliza, mama Lutengano," alisema akiwa bado ana hasira na goti lake. "Ukubwa si dhambi. Hata kanisa kuu letu ni kubwa. Lakini kule ukubwa una mwenyewe. Altare ipo, tabernakulo ya Ekaristi ipo, taa nyekundu inawaka, unajua Bwana yupo nyumbani. Na ukitoka pale una jumuiya yako, majirani wanasali leo kwako kesho kwangu. Hapa mwenye nyumba nani? Yule mwenye suti?"

"Mimi hata hilo kubwa lenu silipendi, nikwambie ukweli."

"Najua hulipendi. Ulikunja mikono."

"Mchungaji anatakiwa ajue leo nani kaamka na homa. Kondoo wakizidi, anachunga vumbi."

"Na nyie mkikaa wachache mnajiona ndiyo mbingu yote."

"Haya, tumekuja kugombana au kutafuta watoto?"

Wakaangaza macho. Waliwaona mbele kidogo, upande wa kushoto, koti la Lutengano likiwa mabegani mwa mkewe. Bupe akayakazia macho yale mabega kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. Alingoja waitwe mbele, wapakwe mafuta, waambiwe wamwage siri zao kwenye kipaza sauti. Hapo ndipo angesimama. Alikuwa amejiandaa kusimama na kupiga kelele, aibu iwe aibu.

Hawakuitwa. Mhubiri alisema tu, "Kila mtu aombe kwa kinywa chake. Hakuna wa kukusikiliza isipokuwa Mungu." Umati wote ukafumuka kwa mara moja, kila mtu na lake, kelele moja kubwa ambayo ndani yake hukuweza kusikia hata mawazo yako mwenyewe. Na Wendelina, yule binti mkimya ambaye Bupe hakuwahi kuona chozi lake, akafungua mdomo akalia kwa sauti, kichwa nyuma, mikono wazi. Lutengano alikuwa naye analia. Hakuna aliyegeuka kuwatazama.

Moyo wa Bupe ulimpasuka, lakini pua yake ilimsukuma kwanza. Anamwambia nini Mungu? Wamemfundisha kusema nini? Akainuka, akapenya kati ya viti, akasimama nyuma kabisa ya mkwewe, akainamisha sikio. Liberatus akamfuata akimvuta shali, "Mama, acha, mama, sala ya mtu ni kama ungamo," lakini naye akafika, naye akainama.

"Ulimwona, Bwana," Wendelina alikuwa akisema. "Wewe peke yako ulimwona mwanangu. Mtunze. Nisamehe nilimficha. Mtunze mwanangu."

Bupe akashika kiti. Kiti kikakwaruza sakafu, na Wendelina akageuka.

Walitoka nje wote wanne, nyuma ya jengo, penye matangi ya maji. Lutengano ndiye aliyeanza, na hakuanza kwa salamu.

"Mmetufuata."

"Mtoto gani?" aliuliza Bupe. "Mwanangu, mtoto gani?"

"Alikuwa wa miezi mitano tumboni," alisema Wendelina taratibu. "Mvua za mwaka jana zilipokuwa zinaisha. Akatoka. Alikuwa wa kiume."

Liberatus alivua kofia yake. "Na hukuniambia mimi baba yako?"

"Ningekuambiaje, baba? Mwaka wa pili wa ndoa nilikwambia nimechelewa siku zangu. Ukawaambia jumuiya. Wakafanya novena, siku tisa, nyumba tisa, kila nyumba jina langu. Ilipokuja kuonekana si kitu, nikija Kalenga watu wananitazama tumbo ndipo wananisalimia." Akamgeukia Bupe, na sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyouma. "Na wewe mama, kila Alhamisi. 'Tumwombee mkwe wangu Wendelina, tumbo lake limefungwa.' Mwanamke mmoja alinisimamisha sokoni Mwanjelwa, simjui hata kwa sura, akaniuliza kama nimeshafunguliwa."

"Nilikuwa nakuombea!" alisema Bupe. "Mwe! Nilifunga kula kwa ajili yako!"

"Najua, mama. Ndiyo maana hatukuweza kukugombeza."

"Hapa tunaingia, tunalia, tunatoka," alisema Lutengano. "Hakuna anayetujua. Mama, hujui ni raha gani mtu asikujue."

Bupe alitaka kusema kwamba huo si ukristo, kwamba mtu kuzika peke yake ni unyama, kwamba yeye angemwosha mtoto yule kwa mikono yake hii. Alikuwa bibi. Alikuwa amekwisha kuwa bibi, akalima viazi, akaimba, akalala usingizi, asijue. Machozi yakamtoka akayaacha yashuke.

Liberatus aliuliza kwa sauti ndogo, "Mlimpa jina?"

"Tulimpa," alisema Wendelina, akaishia hapo.

"Na mmemlaza wapi?" aliuliza Bupe. "Nielekezeni tu. Nikae naye kidogo. Sitaki kingine."

Mume na mke wakatazamana. Ndani ya jengo umati ulikuwa umeanza kuimba.

"Mama, utusamehe," alisema Lutengano. "Hilo hatutakwambia."

"Mimi ni mama yako!"

"Kwa sababu utakwenda, mama," alisema Wendelina. "Na hutakwenda peke yako."

Bupe akafungua mdomo aape. Aape kwa jina la Mungu kwamba atakwenda peke yake, asubuhi, kimya, na hakuna kiumbe atakayejua. Kiapo kilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini kichwa chake, bila yeye kukiruhusu, kilikuwa kimeshapanga amwambie mama Aroni wa maombi ya Alhamisi kwanza, maana mama Aroni ni msiri, halafu mama Aroni na wenzake watavaa kile kitenge kipya cha akina mama, na wimbo gani waimbe watakapofika.

Akakisikia kichwa chake kikipanga. Akafunga mdomo, asiape.