Ufa Chini ya Seng'enge

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi nilichukua jembe kweli, nikawatandika wote wawili kwa mpini. Kipkirui alikuwa ameshampasua Wilson kichwa kwa spana ya pampu, na Wilson, damu ikimwingia machoni, alikuwa amemng'ata kidole mpaka mfupa ukaonekana. Wanaume wazima, wazee wa kanisa, wanabiringishana kwenye matope! Mimi Jepchumba ni dada yao, na sikuwapiga kwa upole.

Ugomvi ulikuwa wa maji. Baba alipofariki, shamba letu la Kiplombe liligawanywa: Wilson upande huu wa seng'enge, Kipkirui upande ule, mimi na Mama tukabaki chini kwenye chemchemi. Wilson akachimba kisima, maji yakaruka mpaka kuku wakatoroka. Kipkirui akaleta mashine ileile, akachimba ng'ambo tu ya seng'enge, akapata vumbi. Basi akaamua Wilson anamwibia. Ati anayanyonya yote na pampu! Ikabidi Mama, na mgongo wake ule mbovu, awe anawapelekea watoto wa Kipkirui mtungi wa maji ya chemchemi kila asubuhi.

Siku ile ya spana, Amolo mwenye mashine ya kuchimba alitukalisha chini akatueleza. Chini ya seng'enge yetu mwamba ulipasuka zamani sana, pande mbili zikasagana mpaka katikati pakajaa udongo laini.

"Huo udongo ni ukuta," alisema. "Maji ya Wilson yamegota hapo. Hayavuki kuja kwako, Kipkirui, na ya kwako hayavuki kwenda kwake."

"Uongo! Mmepanga!" Kipkirui akatema mate, akaenda zake.

Amolo hakuwa amemaliza. "Lakini kando ya huo ukuta, upande wa Kipkirui, mawe yamevunjikavunjika. Hapo maji hayakai. Yanateremka na ufa kama kwa mfereji, na naona ndiyo yanatokea kwa chemchemi ya Mama."

Wiki iliyofuata, asubuhi, nilimkuta Kipkirui kando ya kisima chake kikavu, kidole kimefungwa kitambaa, anawachungulia ng'ombe wa Wilson. Miguuni pake kulikuwa na mikebe mitupu ya dawa ya kupe. Harufu ilinichoma pua.

"Wee, umeogesha ng'ombe gani na dawa yote hii?"

"Nilimwaga humo ndani juzi," akasema bila haya. "Na mvua ya jana usiku imeisukuma vizuri. Lakini Jepchumba, mbona hawafi?"

Nilimzaba kofi. Nikamzaba la pili. Halafu maneno ya Amolo yakanirudia, yale ambayo Kipkirui hakungoja kuyasikia.

"Mjinga wewe! Haivuki! Inateremka kwa Mama!"

Sijawahi kuona mtu akikimbia vile. Nilipomfikia kwenye chemchemi, vyura walikuwa wanaelea matumbo juu. Mama alikuwa chini kwenye tope, mwili unamrukaruka, povu limejaa mdomoni, kikombe chake bado mkononi. Kipkirui alikuwa amemkumbatia analia, "Mama nisamehe, haki nisamehe," na nikampiga teke la mbavu kwa sababu alikuwa ananizuia kumwinua.

Wilson alileta gari, bendeji bado kichwani. Nilipomwambia kilichofanyika, alimkaba ndugu yake koo, akambamiza kwenye mlango wa gari, akambamiza tena. Kipkirui hakuinua hata mkono.

"Utamuua baadaye!" nikampigia Wilson kelele. "Endesha!"

Tulikuwa tumeshafika lami, tunaona mabati ya mjini, Mama alipofungua macho. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwa Kipkirui. Alimshika kidevu.

"Mtungi," akasema. "Wa watoto. Nimeshauweka mlangoni kwako."

Mungu wangu! Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameukumbuka. Nilimpigia simu Diana, mke wa Kipkirui. Akashika haraka.

"Mwambie Mama asante kwa maji," akasema. "Watoto wamekunywa chai, wanatoka saa hii kwenda shule. Ni huyu Chepngetich tu analala sakafuni, ati tumbo. Huyu na visingizio vyake!"

"Mwaga hiyo chai! Mwaga yote, wasitoke!" nilipiga mayowe.

Kipkirui alikuwa amesikia. Alianza kugonga kichwa chake kwenye dirisha, tena na tena, mpaka kioo kikapasuka, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya ng'ombe anayechinjwa.

"Geuza," Mama akasema.

"Mama, hospitali ni hapo tu," Wilson akajibu. Alikuwa analia. "Tukirudi hutafika."

"Wilson. Geuza gari."

Wilson alimtazama ndugu yake kwenye kioo kidogo cha dereva. Akapangusa damu iliyokuwa imeanza tena kumshukia jichoni, akageuza.