Kapteni Alivyonipumzisha

Kapteni wetu wa mpira, Adelard, alikuwa karani, na karani hushinda kitini tangu asubuhi. Ikifika jioni miguu yake ilikuwa na hamu ya kukimbia. Yangu ilikuwa na hamu ya mkeka. Mimi nilikuwa kuli bandarini, nabeba magunia ya karanga na kusukuma marobota ya katani, kisha natembea mpaka Temeke na kuwakuta wenzangu wamekwisha vaa bukta, wanarukaruka kama ndama.

Msimu ulipoanza nilivumilia. Yalipofika mavuno, meli zikafuatana, nikaanza kusinzia nimesimama. Nikamwendea.

"Bwana kapteni, nipunguzie mbio. Sie wa bandarini tuko mazoezini tangu alfajiri."

"Timu ni moja, Shomari, na mazoezi ni yale yale. Nikikusamehe wewe, kesho wote watakuja na visingizio."

Nikakimbia mpaka Mtoni na kurudi, nikimlaani kimoyomoyo, yeye na kiti chake. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Kila wiki kasi yangu ilipungua, hata watazamaji wakanibandika jina la Bibi Harusi, kwa mwendo wangu pale wingi ya kulia.

Hata hivyo tukafika fainali, na sikutaka kitu kingine duniani. Baba yangu, mzee Kondo, ambaye siku zote alisema mpira ni shughuli ya wasio na shughuli, alikubali kuja kutoka Mbagala kunitazama kwa mara ya kwanza.

Mechi ilikuwa Jumamosi. Wenzangu walikuwa kambini tangu jana yake, katika nyumba moja hapo hapo Temeke, wamelala chali. Mimi nilipakua meli hadi adhuhuri, ndipo nikajiunga nao. Tukala wali. Nikajinyoosha mkekani, kidogo tu, nikijua wataniamsha.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa limepoa na nyumba nzima iko kimya. Halafu nikasikia nyimbo barabarani. Wakaingia na kombe, na Wilbert, karani mwenzake Adelard, amevaa jezi yangu imelowa jasho.

"Tumeshinda!" Adelard aliniinamia akitabasamu kwa upendo wa kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Nilikuona ulivyolala, nikawaambia mwacheni. Msimu mzima umeniomba upumzike, nami nikawa mgumu. Leo nimekusikia, ndugu yangu."

Nikajiinua, nikakaa mkekani.

"Baba yangu je?"

"Alikuwepo. Tulimpa kiti mbele kabisa, akakaa mpaka mwisho." Akaliweka kombe chini. "Alikuwa anauliza tu, mwanangu anaingia saa ngapi?"

Nikasimama. Kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze miguu yangu ilikuwa myepesi, haiumi popote, inataka kukimbia.