Taa Nyekundu kwenye Njia ya Beni

Batri ya tatu ya gari ilikufa mwaka wa pili wa vita. Séphora, muuza vitambaa wa mtaa wa Mususa mjini Butembo, alisukumiwa gari hadi kwa fundi Éliakim akiwa hana hata nguvu ya kulalamika. Lilikuwa gari kuukuu la dinamo, la marehemu mume wake. Mafundi wawili walikwisha kulifungua na kulifunga bila kuona kitu.

"Papa Éliakim, mama yangu iko Beni, kule Bungulu, miguu imevimba. Nataka kumuleta hapa. Mais gari ikizimika mu njia, basoda batabeba."

Éliakim alilijua hilo. Gari lake mwenyewe lilibebwa na askari kwenye njia hiyohiyo, na tangu siku ile hakutoka tena Butembo. Alimwekea batri ya kuazima, akakagua mkanda, akatoa makaa ya dinamo, vile vipande vinavyopokea umeme, akayarudisha. Yote mazima. Injini ilipowaka, taa nyekundu ya chaji ilizimika vizuri.

"Hapa inachaji," alisema. "Donc ugonjwa inatokea mu njia tu. Sitaiona nikikaa hapa."

Akatia bisibisi na kisu mfukoni. Kisha akaingia, akakaa kando ya Séphora.

Walipofika kwenye mashimo ya njia ya Beni, taa ikawaka. Séphora alisimamisha gari juu ya mteremko. Éliakim alifungua boneti, akagonga kwa bisibisi kile kisanduku kinachoongoza umeme wa dinamo. Taa ikazimika. Akagonga tena, ikawaka.

"Zima moteur."

"Papa, na kama haiwaki tena?"

"Tuko kwa mteremko. Itashuka yenyewe."

Akafungua skrubu. Chini ya kisanduku kulikuwa na rangi nzito ya kijani.

"Nani alipaka hii?"

"Bwana yangu. Gari ilikuwa nyeupe, na basoda banapenda kubeba ya nyeupe. Alipaka kila mahali, hata ndani."

"Rangi inakataza courant ipite. Kisanduku hakigusi chuma. Gari ikitikisika, chaji inakatika."

Alianza kukwangua kwa kisu. Ndipo lori la askari likatokea kwenye kona, likapunguza mwendo. Séphora alishika usukani, macho chini. Éliakim hakuinua kichwa. Aliendelea kukwangua. Askari mmoja alilitazama gari lile bovu, akatema mate, lori likapita.

Éliakim alikaa chini kwenye vumbi mpaka pumzi ikamrudia. Alifunga skrubu juu ya chuma kitupu, gari likaachiwa lishuke mteremko, injini ikashika. Taa haikuwaka tena.

Bungulu, ndugu za Séphora walimtengea fundi ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alisinzia kabla ya kunawa. Wakamwacha alale wakati wakimlaza mama kwenye kiti cha nyuma, juu ya mito.

Jioni walikuwa Mususa. Mama yule aliishi kwa binti yake miezi minne, akafa kitandani, watu wake wakiwa wamemzunguka.