Kuku Walioamka Wameshiba

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na hakuna haja ya kumtafutia mwenzake wa kugawana naye. Aliinama bandani alfajiri, akampapasa kila kuku chini ya shingo, kisha akatoka anajipiga kifua kama kocha aliyeshinda ugenini. "Wanangu wameamka wameshiba!" aliutangazia ua mzima, ingawa uani hapakuwa na mtu.

Alikuwa fundi wa makochi. Kibanda chake cha kazi kiliegemea ukuta wa nyumba, na banda la kuku liliegemea kibanda, kwa hiyo akigonga misumari kuku walilalamika, na kuku wakitaga yeye aliwapigia makofi. Alikuwa mtu wa utani tangu utotoni. Si kwamba dunia ilimlea kwa mikono miwili. Wazazi aliwazika bado hajaota ndevu, na kibanda chake cha kwanza kiliungua pamoja na makochi ya watu. Lakini kila alipoanguka aliinuka na mzaha mpya mdomoni, utadhani ameangukia sponji.

Safari hii mzaha ulikuwa unamkwama. Mkewe alikutwa na uvimbe ndani ya tumbo, na hospitali ya kuushughulikia ilikuwa mji mwingine, mbali. Angekwenda kwanza kupimwa, arudi kuchukua nguo na kuaga, kisha aende kukaa huko kwa miezi, apasuliwe, atibiwe, na baada ya hapo hakuna daktari aliyekubali kusema. Nyumbani likabaki swali moja. Binti yao, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika miguu ya meza, angebaki na nani?

Dada mkubwa wa mke alikuwa na jibu lake tayari. "Aje kwangu. Huyu shemeji atamlisha gundi."

Fundi alicheka kuliko wote, lakini moyoni alikuwa amepigwa. Kwa huyo dada ni mbali, na mtoto wa umri ule husahau sura upesi. Je, mama yake asiporudi? Nani angethubutu kumng'oa kwa mama yake mkubwa aliyekwisha kumzoea, amrudishe kwa mwanamume mmoja na misumari yake? Angekuwa na mtoto wa kutembelea sikukuu, anayemwamkia kwa aibu.

"Niachie mimi," alimwambia mkewe. "Nitamlea."

Mkewe alikuwa anafunga begi la safari ya vipimo, mtoto yuko mgongoni. "Hujawahi kutunza kitu chenye uhai, baba. Hata ua langu la dirishani ulilimwagia chai."

"Lilikuwa linasinzia."

Mkewe hakucheka. "Basi tuanzie kwa kuku wangu; mtoto safari hii nakwenda naye, na dada atanisindikiza. Nikirudi niwakute kama nilivyowaacha, tutaongea habari ya mtoto. Chakula chao asubuhi na jioni, maji safi, na jioni kabla hujafunga banda uwashike gole."

"Gole ndiyo nini tena?"

Akamvuta hadi bandani, akamwekea vidole kwenye kifua cha kuku mwekundu, pale penye kifuko ambamo chakula hukaa kwanza kabla ya kushuka. "Likijaa, ujue amekula. Umesikia?"

"Nimesikia. Kama mto wa kochi ulioshindiliwa vizuri."

Mtu mwingine angefuata maagizo na kukaa kimya. Fundi alitaka kuzidisha. Viota vya kutagia vilikuwa na majani makavu tu, na yeye aliona ni aibu kuku wa fundi wa makochi kulalia takataka. Akayatoa yote. Mahali pake akajaza vipande vya sponji ya manjano vilivyobaki kwenye makochi ya nyumba ya wageni, laini, vipya, hata mgeni mmoja hajavikalia. Kuku wakavizunguka, wakainamisha vichwa upande, wakaanza kudonoa.

"Tandikeni, mabibi," aliwaambia. "Kila mtu na godoro lake."

Jioni alishika magole, yamejaa. Asubuhi akashika tena, japo hakuagizwa, na yalikuwa yamejaa vilevile. Pumba aliyowawekea ilibaki. Akaona anawalisha kupita kiasi, akapunguza kipimo, kisha akapunguza tena. Mkewe alipopiga simu kutoka hospitali, alikuwa na habari njema ya kumpa.

"Kuku wangu?"

"Wanalala wameshiba, wanaamka wameshiba."

"Asubuhi pia? Baba, asubuhi gole linatakiwa..."

"Asubuhi, mchana, jioni! Wewe pona tu. Ukirudi utadhani ni mabata mzinga."

Akacheka peke yake. Kule akasikia mtu anamwita mkewe chumba cha vipimo, na simu ikakatika. Hakuipiga tena. Aliona ameshinda.

Siku kadhaa baadaye, kuku mweusi ndiye aliyemzindua. Alimkuta amejikunyata kwenye kona, macho yamefungwa, shingo anainyoosha na kuikunja kama anayetaka kumeza jiwe. Gole lake lilikuwa limetuna, limening'inia. Fundi alipomfungua mdomo, ilimpiga harufu ya chachu, kama maziwa yaliyosahaulika juani. Akawaza kwamba kilichokwama hutolewa kwa njia kiliyoingilia. Akamgeuza kichwa chini, akamkamua. Maji machafu yakamwagika puani na mdomoni, kuku akakoroma, akapiga mabawa mara kadhaa, akamfia mikononi.

Alimlaza juu ya meza ya kukatia vitambaa na kumpasua kwa wembe. Ndani ya gole palikuwa na bonge kubwa kuliko yai, limesukwa kwa pumba na ute, na katikati yake manjano. Fundi hakuhitaji kuambiwa. Sponji ile aliikata mwenyewe kwa mkasi wake. Firigisi ilikuwa tupu, imesinyaa. Utumbo ulikuwa kama uzi uliolowa. Na mfupa wa kifua, chini ya manyoya mazuri meusi, ulikuwa umechongoka kama makali ya kisu. Kuku yule alikufa njaa huku kifuko chake kimejaa.

Sasa ndipo alipoelewa mkewe alitaka kumalizia nini kwenye simu. Gole la asubuhi linatakiwa liwe tupu, kilichomo kiwe kimeshuka usiku. Yeye alikuwa anapapasa ugonjwa na kuusifia.

Alikimbilia bandani, akang'oa sponji yote kwa mikono miwili. Wawili walikuwa wamekwisha kulala ubavu, na kabla jua halijapanda walikuwa wamekufa. Wakabaki watatu, na magole yao magumu kama mipira. Hapo fundi akafanya jambo pekee alilolijua duniani. Alichemsha uzi na ile sindano yake iliyopinda ya kushonea migongo ya makochi. Akamfunga kuku wa kwanza kwa kitambaa, akanyonyoa manyoya ya kifuani, akachana. Wa kwanza alikufa kabla hajamaliza kumshona. Wa pili alishonwa vizuri kabisa, mshono ambao mteja yeyote angeusifu, akafa jioni. Wa tatu, yule mwekundu, alitolewa bonge, akaoshwa kwa maji ya chumvi, akashonwa gole kwanza kisha ngozi, akawekwa kwenye boksi karibu na jiko. Fundi alimlisha pumba iliyolowekwa, kidogokidogo, kwa kidole. Katika kazi yote ile hakutania hata mara moja.

Mkewe alirudi ameegemea bega la dada yake. Shingo ilikuwa imemtoka mifupa. Dada alikuwa amembeba mtoto. Wakasimama mbele ya banda tupu, na fundi akaeleza kila kitu bila kuficha, kisha akamleta kuku mwekundu amempakata.

"Mtazameni. Anakula. Nimemfungua, nimemsafisha, nimemshona mimi mwenyewe."

"Mdogo wangu amekuachia kuku sita, unatuletea mmoja mwenye kiraka," dada mtu alisema. "Ndiyo sifa hiyo, shemeji?"

"Kosa ni langu, silikatai. Lakini nimelijua na nimelirekebisha kwa mikono hii. Mtoto si kuku. Nitamwangalia asubuhi, nitamwangalia usiku, sitamwekea kitu nisichokijua."

"Hao kuku nao si ulikuwa unawaangalia?"

"Nilikuwa nawaangalia! Yeyote angedanganyika, dada. Manyoya yanaficha. Hawakulia, hawakuhangaika, ukiwashika wamejaa. Sasa utamlazimisha aliyeshiba kula?" Alimgeukia mkewe. "Mama, niseme nini tena? Niachie mwanangu. Niambie wewe, mtu angejuaje kwamba kiumbe kinakufa njaa, wakati chenyewe kinaonyesha kimeshiba?"

Mkewe alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi ambalo halijavalishwa, kiganja tumboni.

"Mwaka mzima nilikuwa nakula vijiko viwili nakwambia nimeshiba," alisema, "na wewe ukavuta sahani, ukanimalizia, huku unacheka. Dada, ingia ndani uchukue nguo za mtoto."