Palizi ya Bahari

Mimi Modesta nipite shambani na jembe halafu magugu yabaki? Labda niwe marehemu. Hapa Uluguru kijiji kizima kinajua kitalu changu cha kabichi, hata padri huwaleta wageni waje wakione. Ndiyo maana Mwenyekiti Gervas alipopanda mlima kutafuta watu wa kujitolea kuokoa bahari, alianzia kwangu.

Gervas anakaa Mazimbu, Morogoro mjini, na bahari anaiona zaidi kwenye simu. Lakini kikundi chake cha mazingira kina bendera, fulana na kipaza sauti. Akatuambia mikoko ya kule Bagamoyo inakwisha, samaki hawana pa kuzalia, na tope linaloshuka na mto Ruvu kutoka mashamba yetu linafukia majani ya baharini. "Nyinyi ndio mafundi wa miche," akasema. Severini, mume wangu, akacheka mpaka akakohoa. "Haya, nendeni mkaimwagilie bahari!" Nikamwambia anyamaze, kujitolea ni moyo.

Tulifika asubuhi, maji yamekupwa. Watu ishirini wa mlimani, fulana za bluu, majembe begani. Gervas akatuonyesha pa kupanda, akatukabidhi mbegu zake za mikoko, vijiti virefu vya kijani visivyo na hata jani moja, kisha akaenda kivulini kuhojiwa na mwandishi. Mimi nikaliangalia lile tope. Ee Mungu wangu! Vimejiotea vimche ovyo ovyo, kimoja huku, kingine kule, hakuna mstari, hakuna nafasi. Niliona aibu kwa niaba ya watu wa pwani.

"Jamani, hatupandi porini," nikasema. "Palizi kwanza!"

Tukapalilia, ndugu zangu. Tuling'oa kila chenye jani mpaka pakawa peupe kama uwanja wa mpira. Ndipo tukavuta kamba, tukachomeka vile vijiti mstari kwa mstari. Gervas aliporudi alipiga makofi, akanipa cheti hapo hapo: Mtunza Bahari Bora. Nikapiga picha nikiwa nimekishika juu kwa mikono miwili.

Tukiwa bado tunapongezana, akaja mama mmoja wa makamo na ndoo yake, mwokota chaza, anaitwa Pili. Akasimama kwenye lundo letu la magugu. Akainama, akaokota kimche kimoja, akakigeuzageuza.

"Nani kaning'olea mikoko yangu?"

"Mikoko ipi, dada? Hayo si magugu tu?"

"Mikoko ndiyo hii. Bahari inajipandia yenyewe." Akaniangalia. "Mwaka wa pili huu naichunga, nafukuza mbuzi, nagombana na wakata kuni. Chaza wanashika kwenye mizizi. Nilikuwa naingoja ikue, niache kutembea mwendo wa saa tatu kuwafuata kule mbali. Magoti yangu haya yamekwisha."

Hakupiga kelele. Afadhali angenitukana. Mikono yangu, hii ninayojivunia, nikatamani kuificha.

"Mama, usiwe na wasiwasi," Gervas akadakia, "tumeshapiga picha."

Jamani! Nilimrudishia cheti chake bila hata kukikunja. Basi letu likapiga honi, wenzangu wakapanda, mimi nikabaki. Nikavua viatu, nikaingia topeni na Pili, tukarudishia kimche kimoja kimoja palepale kilipokuwa, yeye akikumbuka, mimi nikichimba. Maji yakaanza kujaa. Mimi maji nayajua ya kwenye ndoo, lakini sikutoka mpaka yaliponifika kiunoni. Usiku ule nililala kwake. Alinipikia wali wa nazi.

Baada ya miezi mitatu akanipigia simu. Vimche vilivyopona ni kumi na vinne tu. Ile mistari yetu iliyonyooka ilisombwa yote wiki ya kwanza.

Nilidhani yameisha. Masika haya Gervas akaja na jipya: watu wa pwani nao wapande mlima, wajitolee kuokoa chanzo cha maji kilicho juu ya shamba langu. Basi likafika, fulana za kijani safari hii, kipaza sauti kilekile. Watu wakashuka wakauvamia ukingo wa kijito kwa majembe, wanafyeka, wanapiga picha, na mimi napiga mayowe kwamba ile ni miche ya misesewe, miti ya kando ya maji, niliyoipanda mwenyewe ishikilie udongo usishuke mtoni. Nani asikie?

Mmoja tu hakuwa ameingia. Alisimama ukingoni mwa shamba, amekunja mikono nyuma, viatu amevivulia kando. Ni Pili, na yale magoti yake, amepanda mlima wote ule.

"Dada Modesta," akasema, "kipi hapa nisikiguse?"

Nililia palepale, mbele ya watu wote. Kisha nikamshika mkono, nikaanza kumwonyesha.